Bunduki Nyepesi ya Bi Siwema

Siku Muhiddin alipomtuma mlinzi wake akachague bunduki ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na mitaa ya Kariakoo ilikuwa imeshajaa wachukuzi wenye marobota vichwani na mikokoteni isiyompisha mtu. Mlinzi huyo aliitwa Siwema, mwanamke wa miaka hamsini na tatu aliyepitia mafunzo ya mgambo ujanani. Kwa miaka tisa alikuwa akisimama mlangoni mwa ghala la vitenge la Muhiddin, upande wa Msimbazi, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kulinda hakukumshinda. Kilichomshinda ni kusimama. Jioni miguu yake ilivimba mpaka viatu vikagoma kuvuka visigino, na nyumbani aliitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi kabla hata hajavua sare.

Muhiddin hakuwa mtu mbaya. Kila asubuhi alimwamkia Siwema shikamoo, kwa kuwa alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, na kila Idi alimpa kitenge, tena doti nzima. Ghala la jirani lilipovunjwa mchana kweupe, akaamua mlango wake uwe na bunduki badala ya rungu. Kibali kilikuwa kimeshatoka. Akamwambia Siwema achague mwenyewe, maana bega ni lake, akamtajia na kiasi ambacho hakitavukwa.

"Ukipata ya bei poa, Bi Siwema, chenji yake nakununulia kiti."

Siwema alikuwa ameomba kiti kwa miaka tisa. Alitoka pale kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchukua kiti, siyo bunduki.

Duka la Arvind lipo katikati ya jiji, mtaa mmoja na hekalu, limebanwa kati ya fundi miwani na sonara. Mbele anauza ndoano, nyuzi na chubwi, vile vipande vya risasi ambavyo wavuvi wa Feri huvitumia kuzamisha mishipi. Nyuma ya wavu wa chuma anauza bunduki. Bunduki za Arvind, kama wajuavyo wote wanaonunua kwake, zina uzito wa chuma na mbao zake, ukijumlisha uzito wa kila kitakachokuja kupigwa nazo. Imekuwa hivyo tangu enzi za baba yake. Ndiyo maana juu ya kaunta kunaning'inia mizani ya ndoano, na ndiyo maana wenye mashamba ya Rufiji hutoka pale wakitweta, wamebeba bunduki ambayo bado ina nguruwe kumi na mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Unataka ya shamba au ya mlango?"

"Ya mlango. Iwe nyepesi, na isiwe ghali."

Arvind akamwita mkewe, Darshana, alete chai. Pale kwake bunduki hujaribiwa kwa chai. Mnunuzi huishika begani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hunywa glasi ya chai ya maziwa yenye tangawizi, taratibu, mpaka iishe. Bunduki inayokulazimisha uweke glasi chini kabla ya tone la mwisho si yako, hata ukililia.

Ya kwanza ilikuwa ya mtutu mmoja, tundu pana. Siwema alipiga mafunda matatu, akaweka glasi chini. Arvind akaipokea, akaitundika kwenye mizani, akavaa miwani kusoma.

"Hii ina kijana mmoja," akasema. "Mwembamba."

Akairudisha kwenye kabati na kulifunga kwa ufunguo. Za namna hiyo ndizo zenye wateja, kwa sababu wenye pesa wa Bongo wakishika kitu kizito huamini ni imara. Wakiiulizia hii, Arvind huwaambia kwamba imeshalipiwa, ingawa haijalipiwa.

Ya pili ilimshusha Siwema bega kabla chai haijafika mdomoni. Hata mizani haikuhitajika.

"Mwonyeshe ile ya darini," Darshana akasema kutoka ndani.

Arvind alisitasita. Hakuna mwenye duka anayependa kuonyesha mali yenye kasoro. Mwishowe akaushika mnyororo uliofungwa mguuni mwa kabati, akauvuta, na bunduki ikashuka kutoka darini ilikokuwa imejiegemeza pamoja na popo mmoja aliyekuwa amelala. Popo akabaki kule. Ilikuwa na mitutu miwili myembamba, na kitako cha mbao kilichong'aa kwa mikono ya watu wa zamani.

"Tundu lake halizidi kidole chako cha mwisho," Arvind akaeleza. "Haitakupiga teke begani. Unaikunja hapa katikati, unaweka risasi mbili, unafunga. Haina kitu cha kukwama."

"Mbona inapaa?"

"Zile nyingine zinaongezeka kwa watu wanaopigwa. Hii inapungua kwa mtu. Kuna mtu ilikuwa impige, itamwacha hai."

Akaigeuza mizani, ndoano ya juu akaifunga kwenye pete ya sakafuni, akaipima bunduki ikivuta kwenda juu, na akakumbuka kuongeza uzito wa chuma chenyewe.

"Kilo sabini na nane. Mwanamume, nadhani."

"Nani?"

"Mizani haitaji majina, mama. Lakini sitakuficha, haitampiga mtu yeyote. Imekaa hapa miaka sita, kila anayeichukua anairudisha."

"Sitaki impige mtu," Siwema akasema. "Nataka ionekane mlangoni."

Bei yake haikufika hata nusu ya kiasi alichotaja Muhiddin. Siwema aliivaa kwa mkanda wake begani, akanyanyuka vidole vinne kutoka sakafuni, akainywa chai yote mpaka tangawizi iliyojikusanya chini. Alihisi miguu yake inarudi kuwa miguu. Machozi yalimlengalenga, akaona aibu kulia dukani kwa watu, akaomba glasi ya pili. Darshana alimletea, pamoja na chubwi nane za kutia mifukoni ili asije akavuka mapaa ya nyumba. Hizo hazikuuzwa. Siwema aliwashukuru wote wawili, akaishukuru na bunduki.

Alirudi Kariakoo, bunduki ikiwa imefungwa ndani ya kanga. Wachukuzi walimpisha bila ugomvi, maana hakuwa akichukua nafasi yoyote pale chini.

Juma lile la kwanza lilikuwa juma zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona kazini. Miguu ilipungua, viatu vikaanza kumpwaya. Alifika nyumbani akapika maharage akiwa amesimama kwa hiari yake, akiimba. Kila alfajiri alimtaja Arvind kwenye dua, na Muhiddin pia, kwa kuwa ndiye aliyetoa pesa. Alimtaja hata yule mtu wa kilo sabini na nane, popote alipo, Mungu amlinde.

Ijumaa alimkumbusha Muhiddin kuhusu kiti.

Muhiddin akaitazama miguu ya Siwema, akautazama na mwanga uliopita chini ya nyayo.

"Kiti cha nini tena, Bi Siwema? Wewe hata chini hukanyagi."

Hakusema kwa kejeli. Alisema alichokiona, na alichokiona kilikuwa kweli. Chenji ilikuwa imeshanunua feni ya ofisini. Hapo bunduki ilimvuta Siwema juu ghafla, karibu shubiri nzima, mpaka ikambidi ashike komeo la mlango. Muhiddin alipoondoka ikamshusha polepole hadi vile vidole vinne vya siku zote.

Siwema hakuhitaji mizani kumjua mtu wake. Akazitoa risasi mbili kwenye bunduki, akazitia mfukoni pamoja na chubwi, na hazikurudi tena mle ndani.

Jumatatu, Victoria, aliyelinda mlango wa nyuma wa ghala lilelile, alimfuata akichechemea. Victoria alikuwa na goti bovu, rungu, na kiti cha plastiki kisicho na egemeo, ambacho alikiokota mwenyewe miaka minne iliyopita. Kiti hicho kilikuwa kimechukuliwa asubuhi ile. Sasa kilikuwa ofisini kimebeba vitabu vya risiti.

"Bosi kasema mwenzangu wa mbele hana kiti na halalamiki," Victoria akasema. "Umeniponza, dada."

Siwema aliona aibu. Alikuwa ameshukuru juma zima kwa sauti, mtaa mzima umesikia, na shukrani zake zilikuwa zimemnyang'anya mwenzake kiti. Hakuwa na kiti cha kumpa. Akamwonyesha kona ya ghala, ambako mtu akisimama anaiona milango yote miwili, akatoa chubwi mifukoni, akampa Victoria ashike kitako.

Tangu hapo waliishika wawili, Victoria kitako na Siwema mkanda, mitutu ikitazama mbinguni. Kwa watu wawili haikutosha kuwapaisha. Iliwapunguzia nusu ya uzito, visigino vikaachana na ardhi, vidole vikabaki. Victoria alifumba macho, akasema ahsante.

"Mbona bosi akipita tunapanda?" aliuliza siku ya tatu.

"Ndiye anayeachwa."

Siwema akamsimulia maneno ya Arvind, kwamba bunduki hii huvuta juu kwa uzito wa mtu itakayemwacha.

"Kilo sabini na nane," Victoria akasema. "Si haba."

Basi wakajifunza kumchelewesha. Muhiddin akirudi kutoka kula, wao humuuliza habari za kontena lililokwama bandarini, habari za watoto, habari za mama yake mwenye kisukari. Bunduki hunyanyuka, na wao hunyanyuka nayo, vidole vikaning'inia hewani, goti la Victoria likapoa. Muhiddin hudhani ni adabu. Amemwambia mkewe, Thuraya, kwamba wafanyakazi wa siku hizi hawana shukrani, isipokuwa wale wanawake wawili, na kwamba kwa bunduki moja ndogo ya bei nafuu sasa ana milango miwili inayolindwa.

"Simama kidogo, bosi," wao humwambia. "Mungu akuweke."

Hawamdanganyi. Humwombea afya kwa moyo mmoja, awe mzito vilevile, asikonde. Muhiddin husimama robo saa nzima, mikono nyuma, akipokea dua zao kwa furaha. Kisha hutazama saa, huwaamkia tena kwa heshima, na kuingia ofisini kuketi.