Jumamosi ya Matonya

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Evodia alimwagia mche wa mzabibu maji aliyooshea mchele, hapo uani kwake Ipagala, kisha akaingia chumbani kumwamsha mumewe. Hakumkuta. Shuka upande wa mume lilikuwa limenyooka, la baridi. Ndala zake zilikuwa chini ya kitanda na suruali ilining'inia kwenye msumari, mkanda wake ungalimo. Evodia akashika kiuno, akatazama kidogo, akarudi jikoni kupunguza unga wa chapati.

Tusimsingizie mwanamume wa watu, hakuwa ametoroka. Octavian alikuwa karani wa masijala katika wizara moja, mtu wa mafaili, hana historia ya kupotea. Alikuwa ameibeti Jumamosi yake, basi, na Jumamosi ikaliwa.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Redio zilifunguliwa, benki zikafunguliwa, na kampuni iitwayo Chapuchapu ikafungua kamari ndani ya simu, mtu akawa anacheza hata chooni. Mwanzoni watu waliweka shilingi. Shilingi zilipowaishia, simu ikaandika: "Salio lako halitoshi. Weka siku. Bonyeza 1 kukubali." Watu waliokwisha kuuziwa mlio wa simu hawashangazwi na jambo kama hilo. Wakabonyeza.

Octavian alichagua Jumamosi kwa hesabu zake mwenyewe: kazini haendi, kanisani haendi, ni siku ya kukaa tu. Mkeka wake wa kubashiri ulikuwa na timu saba, sita zikatiki, ya saba ikauchana dakika za nyongeza. Tangu hapo akawa analala Ijumaa na kuamka Jumapili, ndevu ni zile zile za Ijumaa, tumbo linaunguruma, na swali la kwanza ni mpira uliishaje. Mechi kubwa zilikuwa za Jumamosi, kwa hiyo hakuona tena hata moja. Labda ndiyo maana aliendelea kubeti, kwani asiyeona timu yake inavyocheza hakosi matumaini.

Hakuwa peke yake. Shaban, mume wa jirani yao Mwajabu, alikuwa ameliwa Jumatatu na Ijumaa. Jumatatu Mwajabu aliimeza, lakini Ijumaa ilimkaa kooni.

"Evodia, Ijumaa ya Mwislamu wataifanyia nini wale?" alikuwa akiuliza huku wanachambua mchicha. "Hata kusali hawasali."

Shida ya Evodia ilikuwa na tarehe. Binti yao Debora alikuwa kidato cha nne, na mahafali yake yalipangwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi. Kwa kawaida ya shule ile, mhitimu huitwa jina, baba yake anainuka, anamvisha shada la maua ya karatasi za kung'aa, watu wanapiga vigelegele. Debora alikuwa ameshaona wenzake wa mwaka uliopita wakivishwa.

"Mama, mimi nitavishwa na nani?" aliuliza. "Na ndala?"

Evodia alikuwa na kazi. Alikuwa mwandishi wa kumbukumbu wa kamati ya waheshimiwa, ile ile iliyopewa kuupitia muswada wa kamari za mtandaoni. Kifungu cha kumi na nne kilisema wazi kwamba ni marufuku kumchezesha mtu siku zake, na zilizoliwa zirudishwe kwa wenyewe ndani ya wiki mbili. Kamati ikikikubali kifungu hicho mwezi wa tisa, Octavian angekuwa na Jumamosi zake kabla ya mahafali. Kilichobaki ni kusikiliza maoni ya wananchi.

Mwenyekiti alipendekeza Jumamosi ili wafanyakazi wapate nafasi. Evodia akapiga mahesabu. Nusu ya walioumizwa hawakuwa na Jumamosi. Akaandika Alhamisi kwenye notisi, mwenyekiti akasaini bila kusoma, na asubuhi hiyo hiyo notisi ikabandikwa ubaoni. Alhamisi hakuna aliyekuwa akiitaka, hivyo karibu kila mtu alikuwa bado nayo. Evodia alifurahi, tena alifurahi kweli, akanunua nyama nusu kilo siku isiyo ya mshahara.

Octavian naye alijiandaa. Aliandika ushahidi wake kurasa mbili kwa mwandiko wa masijala, akausoma mbele ya kioo, akamwomba mkewe ampigie pasi shati jeupe. Hiyo ilikuwa Jumatano. Saa tisa alasiri simu ikalia: "OFA YA LEO TU! Weka Alhamisi 1, shinda Jumamosi zako ZOTE."

Akafikiri. Mtu akisimama mbele ya kamati na Jumamosi zake mkononi, si ndiyo ushahidi wenyewe huo? Tena mechi ya jioni ile ilikuwa ya mteremko. Wageni walikuwa tisa tu, basi lao liliharibika Gairo na wenzao wawili walibaki kulisukuma. Akabonyeza 1. Wale tisa wakashinda moja bila.

"Nilitaka nikurahisishie kazi," alimwambia mkewe.

"Octavian wewe," alisema Evodia. Shati alilipiga pasi hivyo hivyo, akalitundika kwenye msumari. Asubuhi lilikuwa pale pale.

Ukumbini viliwekwa viti mia mbili vya wananchi na chupa ya maji kwenye kila kiti. Ofa ilikuwa imewafikia walioumizwa wote. Walikuja watu wanne: wawili waliofuata maji, mmoja aliyedhani ni ofisi ya vitambulisho, na Mwajabu. Upande wa Chapuchapu ulijaa. Kampuni ilikuwa na Alhamisi nyingi mpya kiasi kwamba wafanyakazi wake walikuja mara mbilimbili. Ofisa mawasiliano, kijana mstaarabu aitwaye Ebenezer, aliketi kiti cha tano na pia kiti cha kumi na mbili, kote anaandika.

Ebenezer wa kiti cha tano akasimama. Alieleza kwamba mtu mzima ana uhuru wa kuchezea kilicho chake, kwamba vijana wamepata ajira, na kwamba serikali hupokea robo ya kila siku inayoliwa. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Wizara zote zilikuwa na asubuhi za ziada tangu kodi ile ianze, na zote zilitumika kwa warsha. Aliongeza kwamba ukiifungia kampuni yenye ofisi na bango barabarani, watu watakwenda kubeti siku zao kwa wahuni wa nje wasiolipa hata dakika. Ebenezer wa kiti cha kumi na mbili akaunga mkono hoja.

Mwajabu akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa shikamoo. Mimi nimekuja kwa ajili ya Ijumaa ya mume wangu."

"Marahaba. Yuko wapi mwenyewe?"

"Leo hayupo. Jana wamemla na Alhamisi."

"Wewe siku zako umeliwa?"

"Zangu ninazo zote."

"Basi huna lalamiko, mama. Kanuni inasema lalamiko la siku huletwa na mwenye siku."

"Mwenye siku hana siku ya kuja nayo, mheshimiwa."

Mwenyekiti alifikiri kwa haki kabisa, akageuza kurasa za kanuni mbele na nyuma. "Asiyekuwepo na lake halipo," alisema hatimaye, na wajumbe wakatikisa kichwa kukubali, kwa sababu methali ni nzuri na muda wa chai ulikuwa umefika.

Evodia alikuwa mezani kwake, hatua nne kutoka kwa mwenyekiti. Kanuni ilimkataza mwandishi kusema. Moyo ulimuuma, mkono ukaandika: "Wananchi walioathirika: hawakuhudhuria." Mchana kifungu cha kumi na nne kilifutwa, na mahali pake pakaandikwa kwamba kodi itapanda kutoka robo ya siku hadi theluthi.

Ebenezer alimfuata wakati anakusanya chupa. Evodia hakujua ni yupi kati ya wawili.

"Dada, nashukuru kwa maandalizi. Ile notisi yako ilibandikwa mapema sana, ikatupa nafasi nzuri ya kupanga ofa."

Evodia akaendelea na chupa zake. Kisha, kwa kuwa kijana alikuwa na sura ya kusikiliza, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa amemuuliza, akamweleza habari ya Debora na shada.

"Jumamosi ya mumeo imeshagawiwa, hairudi," alisema Ebenezer kwa huruma. "Ila nikikutafutia ya mtu mwingine? Moja tu, ya shukrani. Hulipi chochote."

Hapa angeweza kukataa. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote mjini Jumamosi hizo zinatoka wapi, maana ndiye aliyeandika kumbukumbu. Lakini alimwona Debora amesimama mbele ya watu, shingo tupu. Akakubali, na hakuuliza ni ya nani.

Aliambiwa bila kuuliza. Ijumaa ya mkesha wa mahafali, saa moja jioni, simu ikaandika: "Umepokea Jumamosi 1 kutoka kwa MATONYA, GULWE. Itumie ndani ya saa 24. Asante kwa kuchagua Chapuchapu." Evodia akaisoma mara moja, akaifunika simu kifudifudi mezani.

Asubuhi Octavian alikuwepo. Alikuwa ameamka saa kumi alfajiri, ananuka moshi wa samadi, na ameshafagia uwanja ambao tangu waoane hajawahi kuufagia. Suti aliivaa kwa shingo upande, akitafuta shuka la kujitupia begani. Treni ilipopiga honi mbali kule stesheni alisimama, akasema imechelewa.

Penye lango la shule aligoma kuingia.

"Ng'ombe wameshafika?"

"Ng'ombe gani, Octavian? Haya ni mahafali."

"Sijui ng'ombe gani," alisema, na kweli alionekana hajui. "Lakini mtoto hawezi kutoka kwangu kabla sijawaona wakiingia. Lazima niwepo niwapokee."

Wazazi wengine walimpisha kwa adabu. Mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa mlinzi alimwambia ana haki, baba asipokuwepo zizini ng'ombe wa mahari hawaingii, hurudishwa. Ikabidi Debora aitwe. Akaja na joho lake, akamshika mkono.

"Baba, twende. Mimi niko hapa."

Akamtazama binti yule muda mrefu, kisha akamfuata. Jina lilipoitwa aliinuka, akamvisha shada, akamwekea kiganja kichwani na kumbariki kwa Kigogo, maneno marefu yasiyokatika. Octavian alikuwa mtu wa Bukoba, Kigogo chake kiliishia kwenye kununua mlenda. Debora alilia kwa furaha, na mama yake akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Wiki iliyofuata picha ikasafishwa. Debora yumo, kapendeza, shada shingoni. Kando yake amesimama mwanamume mrefu, mwembamba, masikio yametobolewa na kuvutwa, macho yake yanatazama pembeni kama anayesubiri mtu barabarani. Suti ni ya Octavian. Waliitundika juu ya televisheni. Mgeni akiuliza ni nani, Debora hujibu kwamba ni baba, siku ya Jumamosi. Octavian mwenyewe aliitazama akasema suti ilimkaa vizuri.

Jumanne ya wiki hiyo, saa nne, mwanamke mwenye vumbi la safari alifika kwenye dawati la kamati. Alisalimia, akaweka kikapu chini, akaeleza taratibu kwa Kiswahili cha kujifunza ukubwani. Alitoka Gulwe. Binti yao alikuwa anaposwa Jumamosi iliyopita. Upande wa mume ulileta ng'ombe tangu alfajiri, wakafika mpaka langoni, baba wa binti hayupo. Walingoja hadi jua kutua, wakawageuza. Posa imevunjika na binti hali chakula.

"Mume wangu alibeti, kweli, hilo ni kosa lake," alisema. "Lakini nataka kujua siku ile ilikwenda kwa nani. Nimwone tu, nimwulize aliifanyia nini."

"Kampuni haitoi majina," alisema Evodia.

"Basi andika malalamiko yangu."

Evodia akafungua daftari. Kalamu ilikwenda yenyewe, kwani mkono ule ulikuwa na mazoea ya miaka kumi na tatu. Akaandika tarehe. Akaandika: "Mwananchi mmoja, kutoka Gulwe. Si mwenye siku. Amechelewa."

Kisha akagonga muhuri, akamwonyesha mama yule njia ya stendi.