Kipimo cha Kwanza Kinatupwa

Seva ya zamani ilikuwa inaitwa Bibi. Aliyeipa jina hilo ni Vituko, ambaye alikuwa na tabia ya kubatiza kila kitu pale hospitali ya macho. Lifti aliiita Kesho. Mashine ya chai aliiita Machozi. Mlango wa mhasibu aliubandikia karatasi: "Gonga, subiri, jiulize kama kweli una shida." Yeye mwenyewe jina lake la kuzaliwa lilishapotea zamani, limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtu mmoja pekee ndiye hakumwita Vituko.

Mtu huyo ni shangazi yake. Kwa sababu Vituko alirithi jina la babu yake, shangazi hakuwahi kumwita lingine zaidi ya "baba". Jitu zima lenye ndevu, linapita koridoni na waya shingoni, halafu mama mfupi mwenye sweta la kijani anatoa kichwa chumba cha seva: "Baba, umekula?" Wauguzi walikuwa wanakufa kwa kicheko. Vituko naye hakujali. Angeitika hata akiitwa hivyo kwenye kipaza sauti.

Chumba cha seva kilikuwa na baridi ya kuhifadhia nyama, na shangazi alikaa humo miaka kumi na tisa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mgonjwa akipigwa picha ya ndani ya jicho, picha inakuja kwa Bibi, na Bibi anaichambua mshipa kwa mshipa, kisha anampelekea daktari jibu. Shangazi ndiye aliyemfunga Bibi skrubu za kwanza. Na ndiye aliyemchukua Vituko siku alipoacha chuo mwaka wa tatu, wakati nyumba nzima imemnunia kama amechoma paa. Shangazi hakumuuliza chochote. Alimpa bisibisi.

"Shika hii, baba. Yenyewe haiulizi cheti."

Halafu akamfundisha. La kwanza kabisa alilomfundisha lilikuwa namna ya kupima mashine.

"Unapima mara tatu. Ya kwanza unatupa."

"Kwa nini nitupe jasho langu?"

"Kwa sababu mashine ndiyo kwanza inaamka. Inatafuta mafaili, inayabeba kutoka ghalani, inayapanga mezani. Ukiipima hapo unaionea. Ya pili na ya tatu ndiyo kazi yake ya kweli."

"Na watu je, shangazi?"

"Watu wanapimwa ya kwanza tu, wakikosea ndiyo basi. Ndiyo maana wewe nilikupima mwenyewe."

Alikuwa na daftari gumu, na kila kipimo cha miaka kumi na tisa kilikuwa humo. Vipimo vya kwanza alivipiga mstari mmoja wa wino mwekundu, vikabaki vinasomeka lakini havihesabiwi.

Basi mwaka ule hospitali ikaletewa seva mpya kwa majaribio. Muuzaji akaiacha mwezi mmoja, wakiipenda wanunue. Vituko akaiita Bwana Harusi, maana ilikuja imefungwa nailoni, inang'aa, na kila mtu anaikagua miguu. Prosesa ya Bibi ilikuwa na viini vinane, yaani kama wafanyakazi wanane waliokaa benchi moja, kila mmoja na picha yake. Ya Bwana Harusi ilikuwa na thelathini na viwili. Mkurugenzi akamwita Vituko ofisini.

"Nataka ulinganisho. Nguvu na thamani. Hii mpya ni ghali, umeme inatumia nusu ya ule wa zamani, sawa, lakini nataka namba. Isiwe maneno ya muuzaji. Isipofika kasi mara tatu ya ile ya zamani, inarudi kwao. Na nakupa wewe kwa sababu shangazi yako ana mapenzi na ile ya zamani."

"Mimi nina mapenzi na mshahara, Mkurugenzi."

Mkurugenzi alicheka, na hapo mambo yangeenda vizuri tu. Lakini siku mbili baadaye Vituko alikuwa amepiga magoti nje ya mlango wa ofisi ile ile, anavuta karatasi iliyokwama kwenye printa, akamsikia Mkurugenzi anaongea na simu.

"Hii mpya inakuja na mafundi wake. Yule mama wa chumba cha seva hatutamhitaji tena mle ndani."

Vituko hakusubiri amalize. Aliondoka kwa vidole, karatasi iliyochanika mkononi. Shangazi alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na Bibi, daftari na huyo mpwa mwenyewe. Ukimtoa kwenye kile chumba, umpeleke wapi na lile sweta?

Jumatatu akapima. Picha moja moja kwanza: Bibi dakika kumi na sita, Bwana Harusi tisa. Hizo aliziandika kama zilivyo. Kisha picha arobaini kwa mpigo, kama zinavyokuja asubuhi ya kliniki. Bibi, mara ya pili na ya tatu, alitumia saa moja na dakika ishirini. Bwana Harusi mara ya kwanza, akiwa ndiyo kwanza anatafuta picha zilipo kwenye ghala, alitumia dakika hamsini na moja. Mara ya pili, kumi na tisa. Mara ya tatu, kumi na tisa.

Vituko aliziangalia zile namba muda mrefu. Maisha yake yote alikuwa mtu wa utani: aliwahi kumwekea mhasibu sauti ya mbuzi kila akibonyeza kitufe cha kufuta, na mhasibu akahamisha meza akidhani kuna mbuzi chini ya sakafu. Hata hili aliliona kama utani mwingine, mkubwa kidogo. Hakuandika uongo. Dakika hamsini na moja zilitokea kweli, mashine yenyewe ndiyo iliyozitoa. Alichofanya ni kuandika kipimo cha kwanza na kunyamaza kuhusu vingine viwili.

Akamalizia: mashine mpya haifiki hata mara mbili ya ile ya zamani. Kwa bei hiyo, thamani hakuna. Tuongeze kumbukumbu kwenye ya zamani, tusubiri miaka minne.

Miaka minne. Aliiandika bila kupepesa.

Kwa kawaida kila ripoti ilipita kwanza kwa shangazi. Hii aliipeleka moja kwa moja kwa Mkurugenzi, na shangazi alipouliza, akamwambia, "Nimetumwa mimi, shangazi, we kunywa chai." Shangazi akacheka. Akamwambia amekua.

Kikao kilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Walikuwa wanne tu: Mkurugenzi, daktari wa macho, shangazi na Vituko. Kupitia kioo cha mlango ulikuwa unaona benchi la kusubiri, wagonjwa wametiwa dawa ya kupanua mboni, hawaoni vizuri, wamekaa wamefumba macho kama watu waliokubaliana kusali. Kuna waliokuwa wanakaa hivyo mpaka saa tisa, wanasubiri Bibi amalize.

Mkurugenzi aligawa karatasi. "Mimi nimeridhika. Tunairudisha."

Daktari hakuridhika. Alikuwa mtu mpole, anayeongea kama anaogopa kumwamsha mtu. "Hospitali ya rafiki yangu wana mashine hii hii. Picha arobaini ni chini ya dakika ishirini. Hapa naona hamsini na moja. Sielewi."

"Fundi," Mkurugenzi akasema, akimgeukia Vituko.

Vituko alifungua mdomo. Kwa kawaida mdomo wake ukifunguka, kitu kinatoka, hata kama ni upuuzi. Safari hii aliufunga, akaigeuza karatasi yake juu chini.

Shangazi alikuwa ameivaa miwani, anapitisha kidole kwenye jedwali. Vituko alikijua kile kidole. Alijua kinavyopiga hesabu: picha arobaini, viini thelathini na viwili, mizunguko miwili, mzunguko mmoja dakika tisa, jumla kumi na nane, ikizidi sana ishirini. Kidole kikafika kwenye hamsini na moja, kikasimama. Kikarudi juu, kwa Bibi, kwenye saa moja na dakika ishirini. Kikasimama tena. Halafu kikashuka kwenye mstari wa mwisho, penye miaka minne, na hapo kilikaa muda mrefu zaidi.

Alivua miwani. Hakumwangalia Vituko hata kidogo.

"Hii ni ya kwanza," alisema.

"Ya kwanza nini?" Mkurugenzi akauliza.

"Kipimo cha kwanza. Hakihesabiwi, kinatupwa. Mashine ilikuwa haijaamka. Cha kweli kitakuwa kumi na nane, kumi na tisa. Inunueni, Mkurugenzi, ni mashine nzuri. Inashinda zaidi ya mara nne, na umeme nusu."

"Kwa hiyo nani kaandika hiki?" Sauti ya Mkurugenzi ilikuwa imeanza kupoa, na ikipoa ndiyo mbaya. "Fundi, ulijua kwamba hakihesabiwi?"

"Nilipima mimi," shangazi akasema. "Nikampa namba akaandika. Yeye hakujua."

Nje muuguzi aliita jina la mgonjwa, mgonjwa akainuka akipapasa ukuta.

"Wewe? Miaka kumi na tisa?"

"Mimi."

"Ili ile mashine yako ibaki?"

"Ndiyo."

Sekunde ile ilikuwa ya Vituko. Alikuwa ameshikiwa mlango wazi, apite aseme ni mimi. Maneno yenyewe mafupi, hata mtoto anaweza. Alimtazama shangazi, naye akawa anakunja karatasi mara mbili, mara nne, taratibu, kama mtu anayekunja nguo ya kuweka kabatini. Vituko aliwaza kazi. Aliwaza chuo alichokiacha, nyuso za nyumbani. Sekunde ikapita. Ikaja nyingine, nayo akaiacha ipite.

Mkurugenzi alijisugua uso. Alipoongea tena hakuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mama, wewe tulikuwa tumeshakuandalia nafasi. Vituo vitatu vipya vinafunguliwa, kila kimoja na chumba chake cha seva. Tulitaka uwafundishe vijana kule. Nilishaongea na makao makuu kwa simu. Niliwaambia yule mama mle ndani hatutamhitaji tena, nampeleka akafundishe, hakuna mtu mwaminifu kama yeye."

Shangazi aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelezwa njia ya mtaa asioujua.

"Basi waambieni nimekosea," alisema.

Aliondoka mwisho wa mwezi. Hakukuwa na keki wala barua ya shukrani. Sweta alilivaa, daftari akaliacha mezani. Vituko alilifungua baadaye. Kwenye ukurasa wa mwisho shangazi alikuwa amepima Bwana Harusi mwenyewe, mara tatu: hamsini, kumi na tisa, kumi na tisa. Ile hamsini alikuwa ameipiga mstari mwekundu, ulionyooka kama mingine yote.

Bibi alizimwa Ijumaa mchana. Feni zake zilichukua muda kusimama. Kliniki sasa inaisha saa sita, benchi liko wazi, na daktari anasema hajui waliishije zamani. Mafundi wa muuzaji ni watu wazuri. Wanamcheka Vituko anavyotupa kipimo cha kwanza, wanamuuliza alisomea wapi hiyo. Lifti haiitwi tena Kesho, maana aliyekuwa anaiita hivyo anapanda ngazi.

Vituko alikawia wiki tano kwenda kumwona shangazi. Njiani alipanga maneno, akayapanga upya, akaona mengine yana utani ndani yake, akayatoa. Alipogonga, shangazi alifungua mlango akiwa na sweta lile lile, ingawa mle ndani hamkuwa na baridi yoyote.

"Shangazi, nimekuja kusema—"

"Kaa kwanza." Alimwekea chai. Akamsogezea sukari, vijiko vitatu, anavyopenda. "Ile mpya inaendaje?"

"Kumi na tisa. Siku nyingine kumi na nane."

"Ya ngapi?"

"Ya pili na ya tatu."

"Vizuri."

Waliongea kuhusu bomba la jirani linalovuja. Waliongea kuhusu bei ya gesi. Kila Vituko alipovuta pumzi ya kuanza, shangazi aliinuka kufanya kitu: kufunga dirisha, kuangalia sufuria, kufuta meza iliyokuwa safi. Mpaka akaelewa kwamba hataruhusiwa kusema, na kwamba hiyo siyo adhabu. Shangazi alikuwa amelifunga jambo kama anavyofunga mashine, kwa utaratibu, waya baada ya waya, na hakutaka mtu aliwashe.

Jua lilipoanza kuingia upande wa jikoni, Vituko aliaga. Shangazi alimsindikiza hadi mlangoni, akamtoa uzi uliokuwa begani mwa shati, kama alivyofanya siku zote tangu Vituko yuko darasa la pili. Akamtazama usoni, bila kinyongo chochote, kwa upole kabisa.

"Haya," alisema. "Nenda salama, fundi."