Glasi ya Pili ya Sukari

Chupa ya kwanza aliiviringisha taulo kama mtoto aliyetoka kuoga, akaibana katikati ya magoti, akaingiza jino la opena chini ya kizibo na kukinyanyua kidogo tu, kiasi cha ukucha. Gesi ilitoka kwa nguvu. Alitulia akasikiliza upande wa chumbani. Kimya. Mke wake alikuwa amelala. Tangu astaafu alilala kila siku baada ya chakula cha mchana, saa nzima, na mara nyingine aliongeza dakika kumi alizoziita za bakshishi. Sauti ya gesi ilipungua ikawa mluzi, mluzi nao ukakatika. Akaisimamisha chupa chini ya mashine ya kufungia, akavuta mpini, kizibo kikabana tena mahali pake. Zilibaki thelathini na saba.

Alikuwa fundi bomba kwa miaka thelathini na minne, na habari za presha hakuhitaji kufundishwa na mtu. Asubuhi hiyo aliingia stoo kuchukua ufagio akakuta chupa moja imepasuka kwenye rafu ya chini. Shingo ilikuwa imeruka hadi nyuma ya gunia la kimea, na bia nyeusi ilikuwa imetapakaa sakafuni inanata. Aliokota vioo kimoja kimoja, akadeki, akafungua dirisha harufu itoke, kisha akaenda kunywa chai na mke wake kana kwamba hakuna lililotokea. Mke akamuuliza mbona ana harufu ya sabuni asubuhi yote hii. Akajibu kwamba uzee umemfanya awe msafi. Wakacheka.

Chanzo cha chupa ile kupasuka alikijua tangu Jumapili.

Mke wake watu wote walimwita Mpishi, na yeye mumewe alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mkuu wa jiko la hospitali, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kuinua masufuria ambayo wanaume wawili waliyapisha njia. Yeye naye alimwita mumewe Fundi. Majina mengine walikuwa nayo, lakini waliyatumia siku za ugomvi tu.

Mara mbili kwa mwaka Mpishi alitengeneza stauti, bia nyeusi nzito inayokaa mdomoni hata baada ya kumezwa, kwa ajili ya majirani na wenzake wa zamani wa jikoni. Alianza na nafaka yenyewe. Mambo ya unga wa makopo hakutaka hata kuyasikia. Alisema hiyo ni bia ya watu wenye haraka ya kwenda wasikokujua. Kimea alikisaga mwenyewe, kikubwa kikubwa. Shayiri nyingine aliichoma kwenye kikaango mpaka ikawa nyeusi na nyumba nzima ikanukia kahawa. Alivichanganya kwenye maji ya moto, akaifunika sufuria kwa mablanketi mawili kwa saa nzima, akachuja maji yake matamu, akayachemsha na maua ya hopsi yanayoleta uchungu, akayapoza, akatia hamira. Baada ya wiki tatu ndani ya ndoo kubwa, bia ilikuwa tayari kuingia kwenye chupa, ila bado haina gesi. Hapo ndipo ilipohitaji sukari kidogo iliyochemshwa, ili hamira iliyobaki iile sukari hiyo ikiwa imefungiwa ndani na kutoa povu. Glasi moja ndogo ya chai kwa ndoo nzima. Ukizidisha, chupa inageuka bomu.

Hakuna alichowahi kuandika. "Karatasi ni za madaktari," alipenda kusema. "Mpishi ana kichwa."

Na kichwa hicho ndicho kilichoanza kuwatia wasiwasi. Miezi miwili nyuma Mpishi alibandika sufuria jikoni akaenda kwa jirani kuomba kitunguu, akakaa huko mpaka moshi ulipomfuata. Hakuna aliyeumia, lakini binti yao, ambaye ni nesi na ameona mengi ya aina hiyo, hakulichukulia jambo lile kijuujuu. Alimvuta baba yake uani akamwambia kwa sauti ya chini, maana sauti ya juu ingemfikia mama.

"Baba, jambo moja tu lingine, nakuja na gari namchukua. Chumba nimeshaandaa. Na wewe usije ukanificha."

"Nikufiche ili iweje?" alimjibu.

Kwa siku mbili Mpishi alisugua ile sufuria iliyoungua, akakataa isitupwe. Siku ya pili, bila kumtazama mumewe, alisema, "Angalau stauti sijawahi kuikosea." Fundi aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha kioo, na tangu hapo hakujua pa kukiweka.

Basi Jumapili hiyo ya chupa, Mpishi alikuwa ameshachemsha sukari yake na kuimimina ndooni, binti alipobisha hodi. Wakakaa sebuleni nusu saa, habari za wajukuu, habari za kazini. Kisha Mpishi akasema bia haisubiri maneno, akarudi jikoni. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na kreti la chupa safi mikononi. Akamwona anachukua ile glasi ndogo. Akamwona anafungua kopo la sukari, anajaza, anasawazisha juu kwa kidole kama siku zote, anamimina kwenye kisufuria cha maji.

Neno moja lingetosha. Umeshaweka. Lilimfika mdomoni kabisa. Lakini nyuma yake, kwenye kiti cha kona, binti alikuwa amekaa na mikono yake mapajani, akimtazama mama yake jinsi msimamizi wa mtihani anavyomtazama mwanafunzi anayemshuku. Fundi akafunga mdomo. Glasi ya pili ikaingia ndooni, naye akaanza kupanga chupa mezani akijiambia kwamba bomba likivuja kuna namna, na hili nalo litakuwa na namna yake.

Binti akaondoka na furaha. Mama yuko vizuri, alimnong'oneza baba yake langoni, tena vizuri sana. Akaomba awekewe chupa kumi. Angezipitia Jumamosi na gari, azibebe kwenye kiti cha nyuma, pamoja na watoto wake wawili.

Leo ilikuwa Ijumaa.

Kwa nini hakumwambia mke wake Jumapili ile ile jioni, wakiwa wawili? Alijaribu. Jumatatu pia alijaribu. Kila alipofungua mdomo alikuta ndani kuna habari za hali ya hewa. Mwanamume aliyewahi kuzima bomba la barabara kuu huku maji yakimfika kifuani alishindwa kusema sentensi moja mbele ya mwanamke anayemenya viazi. Aliona haya, na haya hiyo haikumsaidia kitu.

Chupa ya saba. Ya nane. Ya tisa ilimwagika povu mpaka kwenye viatu, na harufu yake ikampanda puani moja kwa moja, naye akageuza uso.

Hilo nalo lilikuwa jambo lake. Miaka kumi na moja Fundi hakuwa ameonja pombe. Kabla ya hapo aliinywa kama mtu anayelipwa kwa kuinywa. Alikunywa ya dukani, alikunywa ya mkewe, alikunywa siku ya mahafali ya binti yake akaingia ukumbini saa ambayo watu wanatoka. Alipoacha, Mpishi alitaka kuuza masufuria yote. Fundi ndiye aliyekataa. Alisema mlevi ni yeye, sufuria hazina kosa. Mwaka wa kwanza Mpishi alizihesabu chupa kila Jumapili na ufunguo wa stoo aliulalia chini ya mto. Mwaka wa pili, siku moja ya kawaida tu, Fundi alikuta ufunguo umetundikwa kwenye msumari kando ya mlango. Kila alipopita aliutazama, na kwake ulikuwa na thamani kuliko cheti chochote.

Alikuwa ameishika ya kumi na tano aliposikia ndala.

Dakika arobaini hazijafika. Alitazama kulia na kushoto: taulo, opena, mashine, chupa kumi na nne upande huu, ishirini na tatu upande ule. Ndala zilivuka sebule. Uongo wa kufunika vitu vyote hivyo ulikuwa mmoja tu, na aliufahamu vizuri, kwa sababu zamani ulikuwa kweli. Hakujipa nafasi ya kufikiri. Alikibandua kizibo chote kikaruka chini, akapeleka chupa mdomoni, akapiga funda kubwa.

Uchungu wa shayiri iliyochomwa ulikuja kwanza, kisha uzito ule, kisha utamu uliozidi kidogo ambao yeye peke yake alijua ulikotoka. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomwogopesha. Koo lake liliipokea kama mtu wa nyumbani aliyechelewa kurudi.

Mpishi alikuwa amesimama mlangoni, shuka begani, alama ya mto bado shavuni.

"Umekunywa," alisema.

"Nimekunywa."

Alimsogelea, akamnusa mdomo jinsi alivyokuwa akimnusa zamani, upande mmoja na upande wa pili. Fundi alisubiri kelele. Kelele zingekuwa nafuu. Mpishi alinyoosha mkono tu, akautoa ufunguo kwenye msumari, akautia mfukoni. Kisha akageuka kuondoka, na Fundi akaona miaka kumi na moja inamtoka. Akajikaza. Alijiambia bora aamini uongo huu kuliko ajue ukweli ule. Hasira zake angezibeba. Alikuwa na uzoefu.

Lakini Mpishi hajawahi kutoka stoo bila kutupa jicho kwenye rafu. Aliziona zile kumi na nne. Akapitisha kidole gumba juu ya kizibo cha kwanza, penye ukingo uliobonyea. Akapitisha kwenye cha pili, na cha tatu. Akainua chupa moja akaielekeza dirishani, na nyingine. Zilijaa mpaka shingoni.

"Fundi," alisema taratibu. "Mlevi gani huyu anafungua chupa kumi na tano anakunywa funda moja?"

Palihitajika mzaha hapo. Katika ndoa yao palipohitajika mzaha yeye ndiye aliyeuleta, na safari hii aliutafuta akaukosa.

Mpishi aliichukua opena mkononi mwa mumewe. Akavuta chupa kutoka upande ule mwingine, ambayo haijaguswa, akanyanyua kizibo kidogo. Gesi ikalia. Ikalia kwa muda mrefu, naye aliinamisha kichwa akaisikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza masufuria ya hospitali miaka yote ile.

"Siku tano," alisema. "Ya siku tano hailii hivi."

Fundi alimwona anarudi nyuma kichwani, Ijumaa, Alhamisi, mpaka Jumapili, mpaka jikoni, mpaka kwenye glasi. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Alimwona anaipata ile ya kwanza. Kisha alimwona anaitafuta ya pili, anaitafuta kila mahali, haipo.

"Niliweka mara mbili?"

"Ndiyo."

"Na mtoto aliona?"

"Aliona, lakini hakujua ni ya pili."

"Wewe ulijua."

Fundi alimwonea huruma, na alijua huruma ndicho kitu ambacho Mpishi hajawahi kumsamehe mtu yeyote. Nje jirani alikuwa anakung'uta zulia vumbi, pu, pu, pu, akapumzika, akaanza tena.

"Kuna kingine?" aliuliza Mpishi.

Kulikuwa na kingine. Kulikuwa na bomba la bafuni lililoachwa wazi mara mbili. Kulikuwa na siku aliyouliza dada yake atakuja lini, dada waliyemzika pamoja. Fundi alitazama rafu.

"Mtoto anakuja kesho saa nne," alisema. "Zimebaki ishirini na mbili."

Mpishi akapindua kreti tupu, akakaa, akalitandika taulo mapajani na kunyoosha mikono yote miwili. Fundi akampa chupa. Yeye akaishika, mumewe akanyanyua kizibo. Mpishi alisikiliza, na alipoona inatosha alisema, "Funga," na Fundi akavuta mpini. Wakaenda hivyo, moja baada ya moja. Kila Mpishi alipoinama, ufunguo uligonga ubao wa kreti ndani ya mfuko wake.

Ile aliyoinywa Fundi ilikuwa dirishani alipoiweka, pungufu ya funda moja, povu lake la rangi ya kahawia likipanda polepole shingoni na kuteremka ubavuni. Wote wawili waliiona. Hakuna aliyeinuka kwenda kuimwaga.