Ombi Lililosambazwa

Simu ilipolia juu ya cherehani, Mama Fundi alikuwa na pini mdomoni na gauni la mteja msumbufu mapajani. Aliitupia jicho. Kundi la akina mama wa maombi: video, na chini yake maneno, "Wapendwa, tumwombee binti huyu wa kanisani kwetu, pombe imemteka. Wasambazieni na wengine waombe."

Hakuifungua. Bando lenyewe lilikuwa la kuungaunga, na katika kundi lile mambo hayakuhitaji kutazamwa, yalihitaji kujibiwa. Ombi likija, unaandika Amina, unalisukuma kundi lingine, unaendelea na shughuli zako. Ukichelewa, wenzako wanaanza kuulizana kama umepoa kiroho. Mama Fundi hakuwa mtu wa kupoa. Aliandika Amina, akaongeza, "Bwana awahurumie wazazi wake," akaituma kwa kwaya, kwa wazee wa kanisa, na kwa wifi yake mbea, ambaye kwa kusambaza habari hahitaji kuombwa mara mbili.

Jioni, kwa ulimi uleule, alimkalisha bintiye kitako. "Hiyo mitandao itawamaliza, mwanangu. Nyie vijana mnameza tu, hamtafuni."

Binti alicheka, akaendelea kukata picha za karatasi za somo la Jumapili. Watoto wa darasa lake walimwita Chiriku kwa jinsi alivyowaimbisha. Chuo alikikosa, kazi hakuipata, lakini kila Jumapili kulikuwa na lundo la watoto wanaomkimbilia mlangoni na kugombania kumshika mkono. Hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho, na mama yake alilijua hilo.

Ijumaa mzee wa kanisa akawaita wote wawili ofisini. Aliweka simu mezani, akaifungua ile video. Ndipo Mama Fundi akaiona kwa mara ya kwanza: Chiriku amevaa gauni jekundu, chupa mkononi, anayumba. Lile gauni alilishona yeye kwa mkono wake, la igizo la vijana kuhusu binti aliyetoroka kwao. Mbele kidogo katika igizo hilo binti anarudi kumpigia baba yake magoti, na siku ile ukumbi mzima ulilia. Ndani ya chupa mlikuwa na maji. Mtu asiyejulikana hadi leo alikata mwanzo, akakata na mwisho, akabakiza ulevi.

"Mzee, si igizo letu hili? Ulikaa kiti cha mbele kabisa."

Mzee alijikuna shingo. "Nakumbuka, mama. Ila wengi hawakuwepo, na wazazi wanasema hawamwachii watoto wao. Nikijaribu kumtetea wananionyesha hii." Akasogeza simu. "Wewe mama yake mzazi umeituma, ukaomba wazazi wahurumiwe. Wanasema, kama mama mtu amekiri, sisi tubishe nini?"

Chiriku alisoma yale maneno, akairudisha simu taratibu.

"Ulikuwa unajihurumia mwenyewe, mama?"

"Sikufungua, mwanangu. Haki ya Mungu, sikufungua."

Huo ndio ulikuwa utetezi wake wote, na ulikuwa mbaya kuliko kosa lenyewe.

Mama Fundi alituma video ya igizo zima kwenye makundi yote. Akajirekodi akieleza, sauti ikimkatika kwa kilio. Vidole vyote vyepesi vikaingia ganzi ghafla. Mmoja tu ndiye aliyejibu, kwamba uchungu wa mwana unaeleweka, tuzidi kuomba. Jumapili mchungaji alihubiri jinsi simu zinavyowaharibu vijana. Akina mama wakatikisa vichwa kwa masikitiko, wameshika simu zao mapajani, na darasa la watoto likapewa mtu mwingine.

Mama Fundi alirudi nyumbani akamkuta bintiye uani anafua. Alichuchumaa kando ya beseni na nguo zake za kanisani.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshakusamehe, mama." Alisema bila hasira yoyote, na hilo likamchoma mama zaidi. Chiriku akakamua shuka mpaka likaisha maji. "Nina swali moja tu. Angekuwa binti wa mtu mwingine, leo ungekuwa unalia?"

Mama Fundi alifungua mdomo ajibu. Chiriku alisubiri kidogo, kisha akainuka akaanike.