Mraba wa Njano

Jamani, kazi ya kupapasa watu wazima usimtakie hata adui yako. Miaka tisa nimesimama langoni pale uwanja wa ndege, glavu mkononi, "nyanyua mikono mama, geuka mama," na sijawahi kuogopa kama wiki ile.

Makao makuu walikuwa wanatuma watu wa kutujaribu. Wanakuja kama abiria, wameficha kitu cha hatari, nawe usipokiona, umefeli. Mimi nilishafeli mara mbili: kisu ndani ya kigari cha mtoto, kisha bisibisi ndani ya mkongojo wa bibi mmoja. Msimamizi wetu, tuliyembatiza Saa Mbovu kwa kupiga kelele wakati wowote, aliniambia mbele ya wenzangu, "Ya tatu, dada, unarudisha kitambulisho." Usingizi ukanihama. Kila abiria nikamwona katumwa. Kuna bibi harusi nilimchambua nywele mpaka mumewe akaniuliza kama natafuta chawa.

Alhamisi asubuhi akaja mama mmoja wa makamo, gauni la vifungo, mkoba mdogo. Akasimama ndani ya mashine. Kwenye skrini ukatokea mraba wa njano, alama ya kitu kilichofichwa, kifuani, upande wa kushoto. Moyo ukanilipuka paa! Ndiye huyu, nikajiambia. Leo huniponyoki.

Nikampeleka kwenye chumba cha pazia. "Fungua vifungo, mama."

"Lazima?"

"Lazima." Sauti yangu ilikuwa kali, najua.

Akafungua polepole, akaingiza mkono kwenye sidiria, akatoa kitu na kukishika kwa mikono miwili. Titi la bandia, limevishwa mfuko wa kitambaa. Pale lilipotoka palikuwa na kovu, kuanzia kwapani hadi katikati ya kifua.

Mama yangu mzazi alikuwa na kovu kama hilo. Mimi ndiye niliyemwosha kidonda miezi minne, na mpaka anaingia kaburini hakutaka mtu mwingine alione, hata baba.

Sasa sheria yetu ni hii: chochote kinachotoka mwilini kinawekwa kwenye trei na kupitishwa kwenye eksirei. Trei haina mfuniko. Ningetoka nalo mbele ya foleni nzima, na wale vijana wa mashine, midomo yao naijua. Nikamtazama yule mama, ameuma mdomo, machozi yanamlengalenga. Walau ningelibonyeza. Sikulibonyeza. Niliona haya, basi.

"Rudisha, mama yangu," nikamwambia. "Nisamehe sana."

Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, nikamfunga vifungo mwenyewe. Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Nusu saa baadaye Saa Mbovu akaniita ofisini. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Sijafunga hata mlango, nikamwona yule mama ameketi. Titi liko juu ya meza, mfuko wake umefunguliwa zipu, na kando yake kisu chembamba, urefu wa kidole.

Hasira zikanipanda. "Na kovu je? Nalo la bandia?"

"Kovu ni langu," akasema. "Ndiyo maana wananituma mimi."

Saa Mbovu akamsogezea fomu ya matokeo.

"Nimepita viwanja sita na kisu hiki," yule mama akaendelea. "Kote wamekikamata. Wamelibeba kwenye trei, na mahali pamoja wakaitana kuja kutazama. Wewe peke yako ndiye umenifunga vifungo."

"Basi andika hivyo!"

"Fomu haina mahali pa kuandika hivyo, mwanangu. Inauliza kisu kimepita au hakikupita." Akachukua kalamu. "Na kimepita. Ile ndege ambayo ningeipanda ina watu mia na themanini."

Nilitaka kumtukana. Nikatafuta tusi nikalikosa, maana alisema kweli. Nikavua kitambulisho shingoni, nikakiweka mezani karibu na kile kisu. Naye akasaini ile fomu. Kwa haraka zangu kule kwenye pazia, kifungo cha pili cha gauni lake nilikuwa nimekiingiza kwenye tundu la tatu. Alikuwa bado hajakirekebisha.