Katikati ya Meza Mbili

Hema la upimaji lilipopigwa uwanjani, fundi wa kuchomelea ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche alifunga karakana mapema, akanawa masizi, akaenda. Wiki hiyo mpenzi wake, dereva wa malori, alikuwa amemwambia bila kuficha kwamba amepima, amekutwa na virusi vya UKIMWI, na ameshaanza dawa. Cheche alitaka kujua hali yake mwenyewe, na kama yuko salama, apate vidonge vya kujikinga.

Kulikuwa na meza mbili. Kwenye ya kwanza mwelimishaji alizitazama ndevu zake. "Samahani kaka, hapa ni kwa kinadada."

Akahamia ya pili, ya wanaume wanaopenda wanaume. Aliyekaa hapo akasoma kitambulisho, akamtazama tena. "Umeandikwa mwanamke. Sisi tumepangiwa wanaume."

"Nilizaliwa nikaitwa binti. Naishi kama mwanamume, na mpenzi wangu ni mwanamume. Sasa niende meza gani?"

Yule akakuna kichwa. "Kusema kweli, hujapangiwa."

Shangazi yake, aliyemlea, aliuza mitumba jirani na karakana. Jioni alimkuta Cheche karakanani akipiga nyundo chuma kisicho na kosa.

"Wamesemaje?"

"Mimi popo, shangazi. Ndege wamenikataa, wanyama wamenikataa."

"Popo naye hula akashiba. Kesho twende zahanati. Na usiniambie nibaki, miguu yangu haijakuomba ruhusa."

Shangazi huyo huyo aliwahi kununa msimu mzima Cheche alipoanza kufuga ndevu. Hasira zilipoisha, alirudi akiwa na shati la kiume lililopigwa pasi, na hawakulizungumza tena.

Kesho yake kule zahanati, mtu wa mapokezi aliwaambia wangoje timu ya hema irudi.

"Kirusi hakingoji hema," Cheche akasema. Hakubanduka mlangoni. Kwenye foleni mtu akacheka.

Shangazi akageuka. "Aliyecheka aje mbele, tucheke wote."

Kelele hizo zilimtoa muuguzi mkuu ofisini. Akamwingiza Cheche ndani, akampima mwenyewe. Hakuwa na virusi.

Muuguzi akampa vidonge, kisha akakirudisha kwenye droo kijikaratasi cha maelekezo ya wanaume. "Hiki kitakupoteza. Wapo wanaume wanaoweza kumeza siku za kujamiiana tu. Kwa mwili wako haitoshi. Wewe kimoja kila siku, usiruke."

"Na wenzangu? Tupo, ila tunajificha."

"Waliopanga zile meza hawakutuuliza sisi wa zahanati. Nitawaambia, lakini siwezi kukuahidi kitu."

"Basi tusiwangoje. Njoo karakanani kwangu. Kuna mlango wa nyuma."

Muuguzi alifikiri kidogo. "Alhamisi mchana," akasema.

Alikuja kweli, mkoba begani. Cheche alikuwa ameweka benchi safi nyuma ya mabati na kupeleka habari kwa kila aliyemjua. Muda ukapita, hakutokea mtu. Shangazi akapanga mashati yake, akayapangua, akayapanga tena.

Ndipo akatokea kinyozi wa mtaa wa pili, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Akapita, akarudi, akapita tena. Cheche akazima mashine, akavua miwani ya kazi, akamfuata.

"Ndugu yangu, ni hapa. Mimi mwenyewe nilianza vidonge juzi tu."

Kinyozi akatazama huku na huko. Kisha akainama kwenye mlango wa nyuma, akaingia.