Firigisi ya Mzee Nyongesa

Naliaka alishuka gari moshi stesheni ya Nakuru akiwa na kapu moja mkononi, na ndani ya kapu kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu. Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba, Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni haijaisha, na askari wa stesheni hakuwa tayari kumwamini hata bibi kizee. Alilifunua kapu kwa ncha ya rungu. Kuku akamdonoa kidole. Askari akaruka nyuma, wasafiri wakacheka, na Naliaka akapita zake bila kuulizwa barua yoyote ya ruhusa ya kusafiri.

Kuku huyo alikuwa ametoka Kimilili kwa kazi moja tu. Khisa, mwanawe Naliaka, kazi yake ilikuwa kuunganisha na kutenganisha mabehewa hapo stesheni, na mkewe Namalwa alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, msichana. Jumapili angefika Mzee Nyongesa kumpa mtoto jina. Nyongesa alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wa Naliaka, na tangu kifo kile ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Mzee wa namna hiyo humwekei mboga za majani mezani. Unampa kuku, na firigisi unaiweka juu kabisa ya bakuli, aione kabla hajaona kitu kingine.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Wabukusu wa siku zile. Mwanamke alimlea kuku tangu yai, akamfukuzia mwewe, akamnyonyoa, akampika, akampakua. Kumla, hapana. Na firigisi ndiyo usiseme: ikikosekana kwenye bakuli la mwenye mji, mke alifunga virago akarudi kwao akaeleze ilikokwenda. Naliaka alikuwa amenusa mchuzi wa kuku kwa miaka sitini bila kulamba hata mwiko. Wala hakuona ajabu. Nani huona ajabu ya kutokuwa na mkia?

Lakini alipoingia chumba cha Khisa kule landi, kwenye zile nyumba za mawe za wafanyakazi wa reli, kuku alimtoka akilini. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia la maua. Nyuma ya pazia Namalwa alikuwa amelala ubavu, midomo imepauka. Mtoto alinyonya, akaacha, akalia, akanyonya tena. Hakukuwa na kitu cha kunyonya.

"Karibu, mama," Namalwa akasema, akajaribu kuinuka.

"Lala, mwanangu. Mimi si mgeni wa kuamkiwa," Naliaka akamjibu. Midomo ile alikuwa ameiona mahali pengine.

Jumamosi alikuja nesi Chemutai, msichana wa Kikipsigis aliyezungukia wazazi wapya wa landi kwa baiskeli. Alivuta chini kope ya jicho la Namalwa, akatazama, akatikisa kichwa.

"Huyu msichana yenu damu imekwisha," akawaambia Naliaka na Khisa. "Dawa nimempa, lakini dawa peke yake haitoshi. Mpeni mayai, mpeni supu ya kuku, na nyama yenyewe ale. Uji tu hapana. Mkimpa uji tu, mtanililia hapa wiki ijayo. Mmesikia?"

"Ndiyo, sista," Khisa akasema.

Naliaka akamtazama mwanawe. Mwanawe akatazama viatu vyake. Alimpenda mkewe, hilo lilionekana hata kwa kipofu: ndiye aliyefua nguo za mtoto, tena mchana kweupe, majirani wakimcheka. Lakini mwanamke kumla kuku? Hilo halikuwa na mlango kichwani mwake. Alisema ndiyo kama mtu anavyomwitikia padri.

Nesi alipoondoka, Naliaka akaketi nje karibu na bomba la maji, alipomfunga kuku. Kuku alikuwa ametaga. Yai lilikuwa pale, la moto bado, na Naliaka akalishika mkononi akaanza kulia. Alikuwa na binti, Nasimiyu. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu binti huyo afe, na mwenye kovu usidhani kapoa.

Jumapili asubuhi Khisa alimchinja kuku, akaenda stesheni kumngoja mzee. Naliaka akapika. Nyama ilipoiva akapakua bakuli moja la mchuzi na paja, akalipeleka nyuma ya pazia.

Namalwa alinusa, akageuza uso ukutani. "Mama, unanijaribu?"

"Sikujaribu. Kula."

"Siwezi. Mama yangu aliniambia mwanamke akila kuku hatulii kwake, atazurura kila ua mpaka afe." Akamvuta mtoto karibu. "Na mzee akijua, nitarudishwa kwetu. Mtoto hatanifuata, mama. Mtoto ni wenu."

Naliaka alijua kwamba yote yalikuwa kweli. Yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha wasichana wangapi maneno hayo hayo?

"Wewe ungekula, mama?" Namalwa akauliza polepole. Hakuuliza kwa ujeuri. Alitaka kujua.

Naliaka akarudi jikoni, akasimama juu ya sufuria na mwiko mkononi. Alitaka kuchukua bawa. Bawa ni kitu kidogo, nani angelihesabu? Lakini alijijua. Akila bawa, Nyongesa akiuliza, angekana; angesema labda paka, na mke wa mwanawe angebaki na woga wake, na woga hautoi maziwa. Firigisi haikanushiki. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaizamia firigisi mle mchuzini, akaitoa, akaikata katikati kwa kisu.

"Hii nusu yangu," akasema nyuma ya pazia. "Hii yako. Tukifukuzwa, tutapanda gari moja."

Akatia nusu yake mdomoni, akafumba macho. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Akafumbua macho.

"Ndiyo hii tu?" akauliza. "Mungu wangu, wanawake wamepigwa kwa ajili ya hii?"

Namalwa akacheka, akakohoa, akacheka tena. Kisha akala nusu yake, akanywa mchuzi wote mpaka chini, na alipofika pajani machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta. Naliaka akamshikia mtoto.

Saa saba Mzee Nyongesa akaingia akifuatana na Khisa, koti limefungwa vifungo vyote, kofia mkononi. Akamsalimu Naliaka kwa heshima, akapiga magoti akaomba, akanawa. Namalwa alikuwa nyuma ya pazia, kama inavyompasa mke wa mtoto mbele ya mkwewe. Naliaka akaweka bakuli mezani.

Nyongesa akatazama juu ya nyama. Akageuza paja lililobaki. Akageuza bawa, akachungulia chini ya shingo.

"Shemeji," akasema bila haraka, "huyu kuku alizaliwa bila firigisi?"

"Alizaliwa nayo. Tumeila, mimi na Namalwa. Nusu kwa nusu."

Khisa aliacha mkono hewani, tonge la ugali ndani yake.

"Mwacha mila ni mtumwa," Nyongesa akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli, si ya kujifanya. "Khisa, umesikia mwenyewe. Kesho mkeo apande gari arudi kwao. Mtoto atabaki, huyo ni wa ukoo."

Khisa akaweka tonge chini. Naliaka akamwonea huruma mwanawe, kwa maana hakuwahi kumjibu mtu mzima tangu azaliwe.

"Baba, hatafika hata Eldoret," Khisa akasema. "Sista amesema damu yake imekwisha." Kisha, chini zaidi: "Haendi."

"Nani amekufundisha kunijibu hivyo?"

"Shemeji," Naliaka akamkata, "unamkumbuka Nasimiyu?"

Mzee akageuka.

"Aliletwa kwangu mtoto wake akiwa wa wiki mbili. Midomo yake ilikuwa hivi hivi kama ya huyu aliyelala hapa. Uani nilikuwa na kuku kumi na mmoja, wanaingia mpaka chini ya kitanda chake. Nikampa uji. Nikampa mboga. Siku ya kumi akafa, na mtoto akamfuata. Wakwe zake walipokuja kuichukua maiti, mkachinja kuku sita nikawapikia." Alikuwa akizungumza taratibu, mikono imeshika meza. "Firigisi sita, shemeji. Moja nilikuwekea wewe kwa mkono huu. Ukala, ukaniambia leo nimepika vizuri."

Aliyezungumziwa alikuwa mtoto ambaye Nyongesa alimpakata mwenyewe zamani, aliyekuwa akimvuta ndevu.

"Sikujua," akasema mwishowe.

"Hata mimi sikujua. Mimi ndiye mama yake, na kuku walikuwa wangu."

Gari la mizigo likapita, vikombe vikatetemeka mezani. Mzee akapangusa uso kwa kiganja. Halafu akafanya jambo ambalo wazee wa Kimilili wasingeliamini: akasemesha pazia.

"Wewe binti. Ilikuwa tamu?"

Nyuma ya pazia kitanda kikalia.

"Ngumu kidogo, baba," sauti ndogo ikajibu.

Khisa akatoa kicheko kwa pua, akajifanya anakohoa. Ndevu za Nyongesa zikatikisika.

"Ni ngumu," mzee akakubali. "Miaka mitano sasa naimeza nzima. Meno yamebaki manne, na nani atathubutu kusema?" Akalisukuma bakuli hadi mbele ya Naliaka. "Mpelekee. Yote. Mimi niachie shingo."

Naliaka alilichukua bakuli. Akabaki amesimama pale kama aliyesahau njia ya kwake.

"Na mtoto," Nyongesa akasema, akiokota shingo kwa vidole viwili, "ataitwa Nasimiyu. Akiota meno, firigisi ya nyumba hii ni yake."

Hapo Naliaka akalia, kwa sauti, bila kuona haya mbele ya shemeji yake. Khisa akamshika bega, akampokea bakuli, akalipeleka mwenyewe. Namalwa alikuwa amekwisha kuketi, mtoto kifuani, mkono mmoja umenyooshwa kupokea.